Haiyaisha

Mkutano umekwisha Jumamosi alasiri,
viti tumevirudisha madarasani, viwili viwili,
ubao tumeufuta. Mimi nimebaki na deni:
picha mia mbili na kumi na nne,
video thelathini na moja, moja imepigwa kichwa chini,
na ahadi niliyoitoa kwa kipaza sauti kibovu:
"Kesho mtazipata zote."

Kesho imefika, saa nne za usiku.
Niko darini kwetu Langoni, ubavuni mwa tangi,
ndipo hapa tu mtandao hushika,
na hata hapa lazima simu niielekeze Manda
kama anayemwonyesha mtoto mwezi mwandamo.
Bando linakufa saa sita.
Asilimia tatu. Asilimia tatu. Asilimia nne.

Hatukuwa na mgeni rasmi. Hilo nataka lijulikane.
Palikuwa na ukuta, na karatasi, na gundi ya unga wa ngano
aliyoikoroga Swabra alfajiri;
mwenye neno aliliandika, akalibandika,
na waliolitaka wakamfuata chumbani.

Hii hapa: Maamun na vidonda vya punda,
ameinama, anaonyesha kwa kalamu
pale tandiko linapokata ngozi.
Hii: wasichana watano wamefungua simu iliyokunywa maji,
skrubu wamezipanga juu ya leso kama mbegu za tikiti.
Hii: Famau amefumba macho. Hii: amefumba tena.
Hii ya nne pia. Samahani, Famau.
Hii: vumbi, kidole changu, dirisha.

Kisha Bi Somoe.
Karatasi yake ilisema *kofia*, basi,
na vijana wakajaa hadi kizingitini.
Kabla hajatunga uzi alinitazama:
"Uso wangu usiutie. Mikono, haya."
Nikapiga mikono. Dakika kumi na mbili za mikono,
sindano ikizunguka tundu dogo kuliko punje ya mtama,
sauti yake nyuma: vuta, usikaze, vuta.

Sharti nimelitimiza. Uso haumo.
Lakini kile kidole cha shahada kilichopinda,
kilichobanwa na mlango mwaka wa harusi yake,
nani Lamu asiyekijua?
Nani katika watu wake walioko Mombasa
atakiona asiseme: ah, si mama huyu?
Mkono nao una jina.
Ile nikaiweka kando. Nyingine zikapanda, zikasita, zikapanda,
bando likafa kwenye sitini na moja.

Asubuhi nikabisha hodi kwake.
Ameitazama yote, kimya,
simu kaishika mbali, kwa mikono miwili, kama sinia ya chai.
Alicheka mara moja tu, pale kijana alipojidunga.
"Kumbe ndivyo ninavyosomesha."
Akairudisha nyuma. Akatazama tena.
Nilipomwuliza kuhusu kidole
alikikunjua, akakilinganisha na kile cha kiooni.
"Kidole changu hakiyaiba kitu. Tia.
Lakini kofia ile vito vyake nimefika nusu.
Andika hapo chini: haiyaisha.
Wasije wakasema kazi ya Somoe ndiyo ile."

Nimeandika.

Imebaki moja, sijui niiite nini.
Ukuta, watu wameshaondoka,
karatasi zimeanza kujikunja kwa unyevu,
na baina ya *punda* na *maji ya chumvi*
kuna moja isiyo na neno,
imepakwa gundi vizuri pembe zote nne.
Nimeivuta kwa vidole viwili, nikaivuta,
hadi ikawa vijiraba vyeupe tu.
Kuna mtu alisimama pale, akaibonyeza kwa kiganja,
akangoja kidogo aone nani atamfuata.
Mimi wakati huo nilikuwa nampiga Famau.

Nimeipandisha ya mwisho, peke yake.
Mwenyewe akiiona, na aje.
Daka letu hukaa watu sita.